Tauni ya Mwaka 749 Hijria: Nani Atabaki na Mgonjwa?

Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tunazungumzia tauni, na hasa tauni kubwa iliyoingia katika miji ya Waislamu mwaka 748 Hijria, sawa na mwaka 1347 Miladia, ikaendelea kuua mwaka wote wa 749. Wazungu huiita Kifo Cheusi. Waandishi wa Kiarabu waliiita maangamizi makubwa. Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba watu wa zama zile, wasiojua kijidudu wala hadubini, walikaa tu wakingoja kufa huku wakisema ni kadari. Anayevisoma vitabu vyao hukuta mambo mengine kabisa: mijadala mikali, wanachuoni wanaokhitilafiana waziwazi, na wazazi wanaozika watoto wao kisha wakarudi kwenye kalamu.

Ili tuwaelewe yatupasa kurudi nyuma kidogo, kwa kuwa wao wenyewe kila walipofikwa na tauni walirudi huko. Katika mwaka wa 17 Hijria, na wengine wamesema wa 18, Amirul-Muuminina Umar bin Khattab (R.A.) alitoka Madina kuelekea Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh, makamanda wa jeshi wakiongozwa na Abu Ubaida bin al-Jarrah (R.A.) walimpokea kwa habari nzito: tauni imezuka Sham. Umar hakuamua peke yake. Aliwaita Muhajirina, wakakhitilafiana. Akawaita Ansari, nao wakakhitilafiana vilevile. Ndipo akawaita wazee wa Kiquraishi, ambao kwa kauli moja walimshauri arejee na watu wake. Umar akatangaza kuwa kukicha watapanda vipando kurudi Madina.

Abu Ubaida hakuridhika. Alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kuwa naam, wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuielekea kadari ya Mwenyezi Mungu, akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeshukia bonde lenye pande mbili, mmoja una malisho na mwingine mkavu: popote atakapolisha, analisha kwa kadari. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf (R.A.), ambaye hakuwapo kwenye mashauriano, akawaeleza aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.), kwamba mkisikia tauni iko katika nchi msiiingie, na ikizuka katika nchi mliyomo msitoke kwa kuikimbia. Umar akamhimidi Mwenyezi Mungu, akaondoka.

Kisa hiki wengi tumekisikia misikitini. Kinachosahaulika mara nyingi ni yaliyofuata. Umar, akiwa amerudi Madina na akihofia maisha ya Abu Ubaida, alimwandikia barua kumtaka aje upesi kwa jambo la dharura. Abu Ubaida alilitambua lengo la barua hiyo. Akajibu kwa adabu kuwa yuko pamoja na askari wa Waislamu, wala hawezi kuitanguliza nafsi yake mbele yao. Imepokewa kuwa Umar aliposoma jibu hilo alilia, hata waliokuwapo wakamuuliza kama Abu Ubaida amefariki. Umar akaandika tena, safari hii akiagiza watu wahamishwe kutoka bondeni penye unyevunyevu wapelekwe nyanda za juu zenye hewa safi. Abu Ubaida akafariki kwa tauni hiyo, iliyopewa jina la mji wa Amwas huko Palestina. Akashika uongozi Muadh bin Jabal (R.A.), naye akafariki. Amr bin al-As (R.A.) ndiye aliyewatawanya watu milimani, hadi ugonjwa ukaondoka. Wapokezi wa habari wamewataja waliokufa kuwa 25,000.

Tazama basi: Umar hakuingia, na Abu Ubaida hakutoka. Kila mmoja alitekeleza nusu yake ya Hadithi ile ile.

Sasa twende kwenye karne ya nane Hijria. Katika majira ya kupukutika majani ya mwaka 1347 tauni iliteremka bandarini Alexandria, na kufikia mwaka uliofuata ilikuwa Cairo, Gaza, Damascus, Aleppo na Tunis. Wanahistoria wa leo hukadiria kuwa theluthi moja ya wakazi wa Misri na Sham walikufa, pengine zaidi. Mwanahistoria al-Maqrizi, aliyeandika baadaye kutokana na kumbukumbu za waliomtangulia, anasimulia kuwa Cairo majeneza hayakutosha, maiti wakabebwa juu ya mbao na milango. Ujira wa wasomaji Qur'ani, waoshaji maiti na wachimba makaburi ulipanda mno, na mashambani mazao yakaiva bila wa kuyavuna.

Aleppo aliishi mshairi na mwanahistoria aitwaye Ibn al-Wardi, aliyeandika risala fupi juu ya ugonjwa huo ulipokuwa ukimkaribia. Anaeleza jinsi wenziwe walivyojikinga: walifukiza nyumba zao kwa ambari, kafuri na sandali, wakavaa pete za yakuti, wakala vitunguu, siki na samaki wadogo wa chumvi, wakapunguza mchuzi na matunda. Tusiwacheke. Nyuma ya siki na sandali ilikuwapo elimu ya tiba iliyoheshimiwa kuliko zote wakati huo, ile ya Jalinusi Myunani na ya Ibn Sina, iliyofundisha kuwa tauni hutokana na hewa iliyoharibika. Mtu akiamini kuwa hewa ndiyo inayoua, ni busara kuisafisha hewa ya chumbani mwake. Huko Paris nako, Oktoba 1348, matabibu wa chuo kikuu walimwandikia mfalme wa Ufaransa wakisema hewa imeharibiwa na kukutana kwa sayari tatu, Zohali, Mshtarii na Mirihi, katika nyota ya Ndoo mwezi Machi 1345. Kwa hiyo katika tiba, Mwislamu wa Aleppo na Mkristo wa Paris walikunywa kisima kimoja. Ibn al-Wardi mwenyewe alifariki kwa tauni hiyo Machi 1349.

Walichotofautiana ni maana ya msiba. Mwislamu alikuwa na Hadithi zilizomfundisha mambo matatu. La kwanza tumelitaja, la kutoingia na kutotoka. La pili ni kuwa tauni ni rehema kwa waumini, na anayebaki mjini mwake kwa subira, akijua kuwa halimfiki ila aliloandikiwa, hupata ujira mfano wa shahidi. La tatu ndilo lililoleta ubishi: kauli ya Mtume (S.A.W.) kwamba hakuna uambukizo. Bedui mmoja alimuuliza kuhusu ngamia wazuri kama paa, ambao huingiliwa na ngamia mwenye upele wakapata upele wote, naye akaulizwa ni nani aliyemwambukiza yule wa kwanza. Lakini Mtume huyo huyo (S.A.W.) alikataza mwenye ngamia wagonjwa kuwapeleka kunywa pamoja na wazima, na akaamrisha mwenye ukoma akimbiwe kama anavyokimbiwa simba. Namna ya kuyaoanisha maneno haya ilikuwa kazi ya wanachuoni kwa karne nyingi.

Kabla ya kuufikia ubishi wao, tuione Damascus kwa macho ya msafiri tunayemfahamu. Ibn Battuta wa Tangier, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 akawasifu watu wa Kilwa kwa dini na wema, alikuwa Sham mwaka 1348 akiwa njiani kurejea kwao. Anasimulia kuwa liwali wa Damascus, Arghun Shah, aliamuru mbiu ipigwe watu wafunge siku tatu, na masokoni pasipikwe chakula mchana. Siku ya tatu ilikuwa Alhamisi. Usiku wa kuamkia Ijumaa viongozi, masharifu, makadhi na watu wa kawaida walijaa katika Msikiti wa Bani Umayya, wakaupitisha kwa sala, dhikri na dua. Baada ya Alfajiri wakatoka mjini kwa miguu, misahafu mikononi, makamanda wakiwa miguu mitupu. Mji mzima ukafuata, wake kwa waume, wakubwa kwa wadogo. Mayahudi walitoka na Taurati yao, Wakristo na Injili yao, pamoja na wake na watoto wao, wote wakilia. Walikwenda hadi Msikiti wa Nyayo, nje ya mji upande wa kusini, wakakaa wakiomba mpaka karibu na adhuhuri, ndipo wakarudi kusali Ijumaa.

Mwaka mmoja haujatimia baada ya siku hiyo, tarehe 14 Februari 1349, katika mji wa Strasbourg, Mayahudi kwa mamia walichomwa moto wakisingiziwa kutia sumu visimani, na tauni yenyewe ilikuwa haijafika mjini humo. Papa Clement wa Sita alikuwa ameshaandika mwaka 1348 kuwa Mayahudi nao wanakufa kwa tauni hiyo hiyo kama wengine, lakini wengi hawakumsikiliza. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, imani kuwa ugonjwa umetoka kwa Mwenyezi Mungu moja kwa moja, na kwamba aliyekufa ni shahidi, iliwapunguzia watu wa Damascus haja ya kumtafuta mchawi wao.

Hata hivyo tusijisifu kupita kiasi. Mwaka 841 Hijria (1438), tauni iliporudi Cairo, Sultani Barsbay aliwakusanya makadhi na wanachuoni akawauliza ni dhambi gani inayoileta. Wakatajwa uzinzi, na wanawake wanaojipamba wakatembea mitaani. Sultani akawapiga marufuku wanawake wote kutoka majumbani. Fikiria, ndugu msomaji, mjane asiye na mtu wa kumletea unga, na mama ambaye mwanawe amekufa mtaa wa pili. Hata wanawake waoshaji maiti walihitaji idhini maalumu ili watoke kwenda kuosha. Tauni haikusimama. Sultani mwenyewe aliugua, akaamuru matabibu wake wawili wauawe kwa kushindwa kumponya, naye akafariki mwaka huo huo.

Turudi kwenye ubishi. Ulipamba moto zaidi Andalusia, pembe ya mwisho ya Waislamu katika Hispania. Ibn Khatima, tabibu wa Almeria, mji uliofikiwa na tauni mwaka 1348, aliandika kitabu kirefu juu ya aliyoyaona kwa wagonjwa wake. Aligundua kuwa wauzaji wa nguo kuukuu sokoni, waliouza nguo na matandiko ya marehemu, walikufa karibu wote. Aliona kwa macho kuwa anayemkaribia mgonjwa huugua kama yeye. Lakini alipofika mahali pa kulitamka neno uambukizo kalamu yake ilisita, akalirudisha jambo lote kwa mapenzi ya Mwenyezi Mungu na kuikumbuka Hadithi.

Mwenziwe wa Granada, waziri na mwandishi mashuhuri Lisan al-Din Ibn al-Khatib, hakusita. Yeye alisema kuwa uambukizo umethibiti kwa tajriba, kwa uchunguzi na kwa habari zilizopokewa na wengi. Akaorodhesha ushahidi: ugonjwa huingia nyumba kwa nguo, kwa chombo, hata kwa hereni, bandari iliyo salama huharibika siku anaposhuka mgeni kutoka nchi yenye tauni, na watu waliojitenga, kama wahamaji wa mahemani huko Afrika ya Kaskazini, walisalimika. Kisha akatamka jambo zito kwa mwanachuoni: dalili ya maandiko ikipingana na kinachoshuhudiwa na hisia, ni lazima maandiko hayo yafasiriwe upya. Hakuikanusha Hadithi. Alisema tu kuwa hatujaifahamu vizuri ikiwa ufahamu wetu unawaua watu. Ibn al-Khatib aliuawa gerezani Fez mwaka 1374 kwa tuhuma za uzushi zilizochanganyika na uhasama wa kisiasa. Kitabu chake cha tauni hakikuwa chanzo, ingawa wapo wanaopenda kusimulia hivyo.

Upande wa pili wa ubishi alisimama mtu mkubwa zaidi, Ibn Hajar al-Asqalani wa Cairo (1372–1449), kadhi mkuu wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu walio wengi katika pwani yetu, na mwenye sherehe maarufu ya Sahihi Bukhari, Fat-hul Bari. Ibn Hajar aliikataa nadharia ya hewa kwa hoja ambazo hata leo zinapendeza. Ikiwa sababu ni hewa mbovu, mbona tauni huzuka hata katika majira mazuri na nchi zenye hewa safi? Mbona huingia nyumba moja ikaiacha ya jirani, na ndani ya nyumba ikamchukua mmoja na kumwacha aliyelala kando yake, ilhali wote wanavuta hewa moja? Jibu lake mwenyewe lilikuwa lile la Hadithi nyingine, kuwa tauni ni mchomo wa majini, na neno tauni, ambalo sisi tumelirithi kama lilivyo, asili yake kwa Kiarabu ni kuchoma kwa mkuki.

Elimu ya leo imewahukumu vipi? Mwaka 1894, huko Hong Kong, Alexandre Yersin alikiona kijidudu cha tauni kwa hadubini, na mwaka 1898, huko Karachi, Paul-Louis Simond akaonyesha kuwa kiroboto wa panya ndiye anayekipeleka kwa binadamu kwa kumuuma. Kwa hiyo Ibn al-Khatib alikuwa sahihi kuhusu nguo na bandari. Na Ibn Hajar, aliyekosea kuhusu uambukizo, alikuwa sahihi kuwa si hewa ya mji inayoua, na kwamba kuna kitu kisichoonekana kinachomchoma mmoja na kumwacha mwenziwe. Ipo pia tauni ya mapafu, ambayo huambukizwa kwa kikohozi, na hii huua upesi zaidi. Ugonjwa huu haujatoweka duniani. Wilaya ya Lushoto mkoani Tanga ilisumbuliwa nao tangu mwaka 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mitoki ya kinenani na kwapani waliyoieleza watu wa Damascus ndiyo iliyoonekana Usambara. Siku hizi viuavijasumu huuponya mgonjwa akiwahi.

Hadithi ya Abdurrahman bin Auf ilisomwa tena dunia nzima mwaka 2020, wakati wa Korona. Kenya misikiti ilifungwa mwezi Machi, Tanzania ikabaki wazi, na eneo la kutufu Makka likaonekana tupu. Wengi waliinukuu kama amri ya karantini, na maana hiyo imo. Ila wanachuoni wa kale waliiona maana nyingine ambayo haikutajwa sana.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, yaani zaidi ya miaka 200 kabla ya tauni kuu, alijiuliza katika Ihya kwa nini aliyemo mjini akatazwe kutoka. Hoja yake ya kwanza ni ya kitabibu: ugonjwa huathiri ndani ya mwili kabla ya kuonekana nje, hivyo anayetoka akijiona mzima huenda tayari anao. Ya pili ndiyo iliyowagusa waliomfuata. Wazima wakiruhusiwa kuondoka, mjini watabaki wagonjwa peke yao. Nani atawapa maji? Nani atawalisha, nao wenyewe hawawezi kunyanyuka? Kuondoka kwa wazima, kwa fikra ya Ghazali, ni kuwaua waliobaki. Mtu wa nje, kwa upande wake, hana sababu ya kuingia, kwa kuwa wa ndani hawamtegemei yeye.

Hapa ndipo jibu la Abu Ubaida kwa Umar linapoeleweka. Na ndipo tunapoelewa kwa nini Ibn Hajar, pamoja na kutokubali uambukizo, hakuwa mtu wa kukaa kimya mbele ya ada za wakati wake. Kuhusu ule mkusanyiko wa Damascus, Ibn Battuta anasema Mwenyezi Mungu aliwapunguzia watu wa mji huo. Ibn Hajar alipokea habari iliyo kinyume: kwamba kabla ya mkusanyiko ugonjwa ulikuwa hafifu, na baada yake ukazidi. Yeye mwenyewe alishuhudia jambo hilo Cairo mwaka 833 Hijria (1430). Tauni ilipoanza, waliokufa kwa siku hawakufika 40. Watu wakaamrishwa kufunga siku tatu, wakatoka jangwani kwa wingi kama wanavyotoka kuomba mvua, wakasimama wakaomba, wakarudi. Haukupita mwezi, waliokufa kwa siku wakapita 1,000. Aliyaandika hayo bila kupamba, akisema lau mkusanyiko huo ungekuwa sunna, wema waliotangulia wangeufanya wakati wa Amwas. Dua ya mtu mmoja mmoja hakuikataza.

Alikuwa na haki ya kuyaandika. Ibn Battuta alipofika Taza, karibu na nyumbani, baada ya miaka zaidi ya 20 ya safari, alipewa habari kuwa mama yake amekufa kwa tauni. Alilizuru kaburi lake Tangier. Ibn Khaldun aliwapoteza wazazi wake wote wawili Tunis akiwa kijana wa miaka 17 hivi. Ibn Hajar yeye alizika watoto. Alianza kuandika kitabu chake juu ya tauni, Badhl al-Maun, mwaka 819 Hijria (1416), mwaka ambao ugonjwa ulimchukulia mabinti wawili, Aliya na Fatima, huyu wa pili akiwa bado mdogo sana. Akakiacha kitabu miaka mingi bila kukimaliza. Mwaka 833, katika tauni ile ile ya mkusanyiko wa jangwani, alifariki binti yake mkubwa, Zain Khatun, akiwa na mimba. Mwaka huo huo Ibn Hajar alikirudia kitabu akakikamilisha, na mwishoni mwake akaziorodhesha tauni zilizowafika Waislamu moja baada ya nyingine, tangu ile ya Amwas aliyokufa nayo Abu Ubaida hadi hiyo iliyokuwa ingali mlangoni pake.